Barua ya wazi: Mlima mmoja, ofisi sita, mtaro hakuna

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Wastahiki Mameya wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Na wataalamu wote mnaoshika mafungu ya barabara, maji na mazingira mkoani kwetu.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaostahili, na kwa wale tunaolingana umri, mwangaluka. Ninaandika kutoka Mabatini, upande wa juu, kule bajaji inakogeuzia na abiria kumalizia kwa miguu. Nina duka la rejareja na ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Sisemei chama chochote. Nina jambo moja tu: fedha za Serikali Kuu na fedha za halmashauri zinakutana vizuri kwenye miradi mikubwa, lakini zikifika kwenye mtaro, ngazi na kijia cha mlimani zinapishana, kila moja ikidhani kazi ile ni ya mwenzake. Naomba zikutanishwe, na zikutanishwe kwa maandishi.

Nianze kwa kutoa haki. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 baada ya kutumia zaidi ya shilingi bilioni 700, na ni fedha za Serikali yetu wenyewe. Aliyewahi kulala foleni ya kivuko pale Kigongo akiwa na samaki kwenye barafu hahitaji kuelezwa maana yake. Chanzo cha maji cha Butimba kimejengwa cha kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, juu ya zile milioni 90 za Capripoint. Kwenye TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji unaogusa miji 45 nchini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Jiji letu na Ilemela vimo katika kundi la kwanza, na barabara ya Igoma hadi Buhongwa ni matunda yake. Kwa hiyo msinisome kama mtu asiyeona.

Lakini njooni Mabatini mvua ikinyesha. Msije kwa msafara. Njooni wawili watatu, mvae viatu vya kushika.

Mlima wetu ni jiwe. Jiwe halinywi maji. Juu yake tumejenga nyumba zimebanana, kila moja na bati lake, na kila bati linamwaga maji kwenye ukuta wa jirani wa chini. Maji hayo yanatafuta njia, na njia iliyopo ni ileile tunayopita sisi. Nusu saa ya mvua kubwa inatosha kugeuza kijia kuwa korongo. Yanashuka na mchanga, mifuko, changarawe, wakati mwingine na choo cha mtu kilichofunguliwa makusudi ili kinyonywe bure na mvua (tunawajua, na tumewasema kwenye mikutano). Yanapita nyuma ya nyumba, yanaingia Mto Mirongo, na Mirongo unayapeleka ziwani. Yale yasiyowahi mto yanamwaga mchanga barabarani chini. Kesho yake anakuja kijiko na lori, mchanga unazolewa, barabara inasafishwa. Mvua inayofuata, kazi ileile. Tunalipia kuzoa mchanga kila msimu huku chini, na hakuna anayelipia kuuzuia kule juu unakotoka.

Kwa nini? Kwa sababu mlima una ofisi nyingi mno. Barabara kubwa ya Nyerere ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara za ndani ni za TARURA tangu 2017, ulipoanzishwa wakala huo na mhandisi wa halmashauri akabaki bila barabara. Majitaka na majisafi ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza. Mto ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Uchafuzi ni wa NEMC, baraza la mazingira, ambao ndio wanaotukumbusha zile mita 60 za kutojenga kando ya mto na ziwa za Sheria ya Mazingira ya 2004. Mipango miji, taka na vibali vya ujenzi ni vya Jiji. Ofisi sita, na kila moja ukiingia inakupokea vizuri, inakusikiliza, halafu inakuonyesha mlango wa ofisi nyingine. Hawadanganyi. Mtaro unaokatiza katikati ya nyumba si wa barabara, kwa hiyo si wa TARURA. Haubebi majitaka, kwa hiyo si wa mamlaka ya maji. Haujawa mto, kwa hiyo si wa bonde. Jiji lingeuchukua, lakini halina fungu. Ngazi za mawe ndiyo kabisa: ngazi haimo kwenye orodha ya barabara, na kisichokuwa kwenye orodha hakitengewi hata senti.

Niwasimulie kilichotupata. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali tuliamua tusisubiri. Kila kaya ilitoa mtu wa kufanya kazi siku za Jumamosi, wasioweza wakatoa chochote kitu cha kununulia saruji. Mawe hayakuwa shida, Mwanza hatununui mawe tukiwa na akili. Fundi anakoka moto juu ya jiwe mama, magogo au matairi yaliyokwisha, anauacha uwake mpaka utasikia jiwe linalia ndani kwa ndani. Ufa ukishatokea, mtaimbo unaingia, nyundo na tindo vinamaliza. Akina mama wanaogonga kokoto wakachukua mabaki. Tulipanga mawe pande mbili, tukajengea, chini tukaweka mawe bapa ili maji yasichimbe, na kila penye mteremko mkali tukaweka kidaraja cha kuyavunja nguvu. Ulikuwa mtaro mzuri. Ulifika nusu ya mlima.

Kisha ikaja taasisi moja na bomba lake. Ikachimba, ikalaza bomba, ikafukia, na mtaro wetu ukafukiwa humohumo. Nilimfuata msimamizi wao, kijana mstaarabu tu, akanifungulia ramani. Kwenye ramani ile mtaro haukuwepo. Haukuwepo kwenye ramani ya mtu yeyote, kwa maana haukuwa mali ya mtu yeyote. Bomba lilihitajika, siligombi. Ninachogomba ni kwamba saruji ya wananchi na fedha ya mradi vilizikwa kwenye shimo moja kwa kukosa kikao cha saa moja.

Na si kwamba kukutana hakuwezekani. Waulizeni watu wa Igogo, Kilimahewa na hapa kwetu juu ya mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba yaliyopenyezwa katikati ya nyumba za mlimani bila kubomoa mtaa, yakikusanya majitaka ya vyoo vilivyokuwa vinaishia Mirongo. Fedha ilikuwa ya mkopo wa Ulaya iliyokopwa na Serikali Kuu, kazi ikafanywa na mamlaka ya maji ya hapahapa, na serikali za mitaa zikazungumza na wenye viwanja ili bomba lipite. Zile barabara za mawe zilizopanda milimani ni hivyohivyo: mawe yetu, mafundi wetu, fedha kutoka juu. Lami ingekwanguliwa na maji mwaka wa pili. Jiwe linakaa. Nasema hivi kwa sababu kuna wataalamu wanaona barabara ya mawe ni ya kimaskini na lami ndiyo maendeleo. Hapana. Kwenye mteremko wa Mabatini jiwe ndilo la kitaalamu.

Sasa tuzungumzie fedha, kwa kuwa mnaposema hazipo huwa nataka kujua ni zipi.

Ninanunua umeme kama kila mtu. Kuanzia 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na siku hizi nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye mita anatia umeme wa 5,000, anashangaa uniti zimepungua, anakuja dukani kunilaumu mimi niliyemuuzia. Bodaboda wangu wa kijiweni akijaza petroli anachangia Mfuko wa Barabara, na humo imo ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA. Mfanyabiashara wa Mlango Mmoja analipa ushuru wa huduma. Wa Mwaloni Kirumba analipa ushuru wa samaki. Sisemi haya kwa kulalamikia kodi. Nasema mlima unalipa. Tena unalipa kwa njia ambazo huwezi kuzikwepa, maana huwezi kukaa gizani wala kusukuma pikipiki.

Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri mpaka 2016 ilipohamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Sababu zilizotolewa zilikuwa na ukweli, ukusanyaji ulikuwa dhaifu. Lakini duniani kote kodi hii ndiyo inayomfungamanisha mwenye nyumba na mtaro ulio mbele ya nyumba yake. Ikienda mbali, uhusiano unakatika: mwananchi haoni, na diwani hana la kujibu. Siombi irudishwe yote kesho. Naomba kitu chepesi zaidi. Kila robo mwaka, ubandikwe ubao wa kata uonyeshe ni kiasi gani kimekatwa kwenye LUKU za kata hii, na ni kiasi gani kimerudi kufanya kazi kwenye kata hii. Namba mbili. Mita zote ziko kwenye mfumo, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Wazee wenzangu mtakumbuka tulishajaribu kuendesha miji kutoka juu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani. Haikuchukua muda, mitaro ikaziba, taka zikalundikana, kipindupindu kikapiga miji. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Leo Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inasema vyombo hivi vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila fungu ni kikao na soda.

Nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo halihitaji hata fedha mpya. Ni kalenda.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Hapa Mwanza mvua za masika hukatika kuelekea mwisho wa Mei, na kiangazi kinashika Juni hadi Septemba. Hiyo ndiyo miezi ya kujenga mtaro: ardhi imekauka, mawe yanafikika, saruji inashika vizuri, vijana wapo. Lakini Juni ni mwezi wa kufunga hesabu, ofisini hakuna anayekuelewa. Julai bajeti mpya imeshapita bungeni ila fedha hazijashuka. Agosti mpango wa manunuzi unapitiwa. Septemba zabuni inapandishwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya Serikali. Mzabuni anapatikana, anasaini, anadai malipo ya awali, anaanza kuleta vifaa Oktoba mwishoni, na vuli nayo imeshafika. Anachimba msingi, unajaa maji, anautoa maji, unajaa tena. Januari na Februari anajitahidi. Machi masika. Mei anaomba kuongezewa muda. Juni, funga hesabu. Mradi wa miezi mitatu unakula mwaka mzima na unazaliwa mbovu, kisha tunasema mkandarasi ni mzembe. Yawezekana ni mzembe, lakini kalenda nayo ilimsaidia.

Halmashauri zinapitisha makisio yao mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge. Basi usanifu, vipimo na mazungumzo na wenye viwanja vifanyike Februari hadi Mei, ili Julai inapofika kinachosubiriwa kiwe fedha tu. Na fungu la mitaro na ngazi za milimani liruhusiwe kuvuka tarehe 30 Juni bila halmashauri kuanza kuomba upya. Hazina wakikubali hilo moja tu, mimi kwa upande wangu nitakuwa nimelipwa kwa kuandika barua hii.

Ninachoomba hasa ni mkataba mmoja wa milima na mito ya Mwanza, utakaosainiwa na zile ofisi sita pamoja na Ilemela. Ilemela lazima iwemo, kwa kuwa Isamilo iko Nyamagana, yaani upande wa Jiji, na Nyamanoro iko Ilemela, na ukisimama katikati huoni panapoishia moja. Tangu 2012 tulipogawanywa kuwa halmashauri mbili, kila upande una mhandisi wake na mpango wake. Mlima ulibaki uleule. Mkataba huo uwe na ramani moja, ambayo hakuna kijiko kitakachochimba kabla dereva wake hajaonyeshwa. Uwe na akaunti moja. Na uwe na kiwango: kwa kila shilingi ambayo halmashauri itatenga na kuitoa kutoka mapato yake ya ndani (kutenga na kutoa ni vitu viwili, tunalijua hilo wote), Serikali Kuu iweke mbili. Halmashauri ikizembea, haipati. Serikali Kuu ikichelewa, ijulikane ni yeye aliyechelewa. Wananchi watoe mawe na nguvukazi, nazo zithaminiwe kwa bei na ziandikwe kwenye kitabu kama mchango, kwa sababu kisichoandikwa ndicho kinachofukiwa.

Kiwango ndicho kinachokosekana kwetu. Jirani zetu wa Kisumu, kwenye ziwa hilihili, wana Katiba ya 2010 inayotaka serikali za kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mfumo wao ni wao, una matatizo yake, tunayasikia kila siku redioni. Lakini gavana akienda kudai anadai namba iliyoandikwa. Mstahiki Meya wetu akienda Dodoma anaomba.

Kuna watakaosema halmashauri haziaminiki, wasome ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Nimezisoma zile kurasa zinazotuhusu, na nyingine zinatia aibu. Lakini mkumbuke ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa kwa sababu ya ubadhirifu, utaratibu ukapangwa upya, na 2024 ikarudi. Hakuna aliyesema kwa kuwa baadhi wamekula basi wanawake wa nchi hii wasikopeshwe tena. Kwenye mitaro pia, wekeni ulinzi mkali. Kamati ya mtaa ishuhudie kila lori la mchanga linaloshuka, isaini. Mafundi wa mtaani wapewe kazi kwa fosi akaunti (halmashauri kutumia mafundi moja kwa moja bila mkandarasi) pale sheria inaporuhusu, tuwajue kwa majina na tuwafuate nyumbani ukuta ukipasuka.

Na kama tatizo ni mtaji, siku hizi zipo njia. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani (hati ya kukopa fedha kwa watu kwa ajili ya mradi unaojali mazingira) mwaka 2024 kutafuta zaidi ya bilioni 53, na wanunuzi wakapatikana. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja Hatifungani ya Samia ya miundombinu, iliyolenga bilioni 150 ili wakandarasi wa TARURA walipwe kwa wakati, ikavuna zaidi ya bilioni 300. Watu wana fedha na wako tayari kukopesha miradi ya nchi yao. Tahadhari yangu ni moja: mtaro hauuzi tiketi wala hautoi bili, hivyo usitegemewe kulipa deni. Deni la mtaro lilipwe na ile mita ya LUKU.

Kuhusu matengenezo nitasema kidogo tu. Mtaro usiozibuliwa ni dampo refu. Kabla mradi haujapokelewa, iandikwe nani anazibua, mara ngapi, na analipwa kutoka fungu gani. Sisi wa juu tuko tayari kubeba sehemu yetu, na faini ya anayetupa taka mtaroni tumeshaipitisha kwenye mkutano wa mtaa. Inakosa mgongo wa sheria ndogo, na hilo ni la Baraza la Madiwani.

Vikao vya bajeti vinakuja. Tumechora ramani yetu kwa mkono, inaonyesha kila njia ya maji kutoka juu hadi Mirongo, nyumba zilizo hatarini, na mahali mtaro wa zamani ulipofukiwa. Nakala iko ofisi ya mtendaji wa mtaa. Mhandisi yeyote atakayetumwa, wa ofisi yoyote kati ya hizo sita, aanzie hapo. Aje asubuhi kabla jua halijawa kali, na asije Jumatano, siku hiyo mtendaji anashinda kata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa kamati ya mtaa, Mabatini, Mwanza